Al-Biruni na Mstari wa Kibla

Wengi wetu kibla tumeikuta tayari, msikiti umeshajengwa. Leo tumtazame mtu aliyeitafuta kwa hesabu.

Abu Rayhan al-Biruni alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) mjini Kath, Khwarazm, sehemu ambayo leo imo Uzbekistan. Mwaka 997 alipatana na mwanahesabu Abul-Wafa wa Baghdad kwamba kila mmoja atazame kupatwa kwa mwezi akiwa mjini kwake. Tofauti ya saa zao ikawapa tofauti ya longitudo.

Mwaka 1017 Sultani Mahmud aliiteka Khwarazm, na al-Biruni akachukuliwa hadi Ghazna, Afghanistan. Hakwenda kwa hiari. Mwaka uliofuata, akiwa kijijini karibu na Kabul bila chombo chochote, alichora nyuzi mgongoni mwa ubao wake wa hesabu, akaning'iniza timazi, akapima kimo cha jua. Na sisi tukikosa bikari tunaacha zoezi!

Katika kitabu chake kiitwacho Tahdid, alichokimaliza mwaka 1025, alitafuta kibla ya Ghazna. Kupitia nukta mbili hupita mstari ulionyooka mmoja tu. Taabu ni kuzijua nukta zenyewe, na hapo ndipo alipotumia miaka yake, akipima mji baada ya mji.

Tujaribu hapa Ugweno. Sisi tuko karibu na longitudo 37.6 Mashariki na latitudo 3.6 Kusini, yaani −3.6. Makka ni 39.8 Mashariki na 21.4 Kaskazini. Tofauti ya latitudo ni 25, ya longitudo ni 2.2. Gawanya 25 kwa 2.2, mteremko ni kama 11.4, na mlinganyo ni y + 3.6 = 11.4(x − 37.6). Mstari huo umesimama karibu wima: kibla chetu ni kaskazini, kikiinama kama nyuzi 5 upande wa mashariki. Anayeelekea Kilimanjaro amekwenda kushoto mno.

Kwetu ramani bapa inatosha kwa sababu longitudo zinakaribiana. Ghazna iko mbali sana mashariki mwa Makka, na dunia ni mviringo, kwa hiyo al-Biruni alitumia pembetatu za juu ya tufe. Tena alirudia hesabu kwa njia zaidi ya moja, ili aone kama majibu yanakubaliana.

Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa amepita miaka 70.