Grace Hopper, mama aliyezoesha masini kusikia maneno ya watu

Mafundi wa pompi wanajua taabu hii. Masini inasimama chini ya shimo, lampe nyekundu inawaka, basi. Haisemi kama ni waya, ni mota ao ni matope. Ni fundi mwenyewe njo anapaswa kufungua kila kitu. Wale wanaoandika programu za ordinatere wanapata taabu ya namna hiyo kila siku: masini inakataa kazi, inaandika kwamba kuna kosa, pengine inatoa namba tupu, na siku nzima inapotea juu ya kutafuta. Mu historia ya taabu hiyo, jina la Grace Hopper haliwezi kukosa.

Alizaliwa tarehe 9 desemba 1906 mu muji wa New York, ku Marekani. Alipokuwa na miaka 7, alifungua saa ya kuamsha juu ya kuona namna inavyotembea. Kuirudisha kukamshinda, akafungua ingine, mpaka saa 7 za nyumba zikawa vipande. Mama yake akamwachia moja tu ya kuchezea. Alisoma hesabu, akapata udokta ku chuo kikuu cha Yale mu mwaka 1934, akawa mwalimu.

Vita ilipofika, aliomba kuingia mu jeshi la bahari. Walimwona mzee na mwepesi wa kilo, lakini alisukuma mpaka wakamkubali. Mu 1944 walimtuma ku Harvard, fasi kulikuwa Mark I, masini ya hesabu yenye urefu wa metre zaidi ya 15 na uzito wa karibu tone 5. Maagizo yake yaliandikwa kwa matundu juu ya mukanda wa karatasi. Tundu moja likitobolewa fasi mbaya, masini haikueleza kitu. Ilisimama, ao iliendelea na kutoa hesabu ya uongo. Wafanyakazi walipaswa kusoma mukanda tena, tundu kwa tundu.

Mwaka ule ule, mtaalamu John von Neumann alileta ku Mark I hesabu ngumu za mulipuko. Zilikuwa za bomu la atomiki. Hopper na wenzake walizifanya bila kuambiwa ni za nini. Na huku kwetu, wachimbaji wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, walitoa sehemu kubwa ya uranium ya kazi ile, nao hawakuambiwa. Kuko mukono na kuko hesabu, lakini hakuna aliyeelezwa.

Tarehe 9 septemba 1947, Mark II ilikataa kazi. Walipotafuta, wakakuta nondo amebanwa mu rele namba 70. Wakamubandika mu kitabu cha kazi, na kitabu kile kinachungwa mpaka leo mu musée moja ya Washington. Si Hopper aliyemtoa, na mainjinia walikuwa wanaita makosa wadudu tangu zamani, ila yeye njo aliyesambaza habari hiyo kwa miaka mingi. Tena nondo alikuwa kosa rahisi, sababu macho yalimwona.

Mu 1949 Hopper akaingia mu kampuni ya Philadelphia iliyotengeneza UNIVAC. Pale watu walinakili vipande vya programu kwa mukono, toka daftari moja mpaka ingine. Mara 4 iligeuka alama ya nafasi, mara B iligeuka 13. Masini haikuuliza, ilifuata tu. Hopper akaona: kama kunakili kunachosha watu na kunaleta makosa, masini yenyewe ifanye. Mu 1952 akamaliza programu A-0, iliyokusanya vipande vile yenyewe.

Kisha akataka watu waandike maagizo kwa maneno, hapana kwa namba. Wakubwa wake wakamwambia masini haisikii maneno. Akawaonyesha programu ndogo mu Kiingereza, halafu ile ile mu Kifaransa na mu Kijerumani, sababu kwa masini neno ni alama tu. Wakubwa wakaogopa zaidi: masini ya Marekani itasema Kifaransa namna gani! Ikamlazimu kubaki na Kiingereza. Toka kazi hiyo kulitokea FLOW-MATIC, na FLOW-MATIC ilisaidia sana kuzaa COBOL, lugha iliyoanzishwa mu 1959 na inayofanya kazi mpaka leo mu mabenki mengi.

Lakini taabu haikuisha. Mu COBOL, nukta moja ikikosekana, masini inaweza kuandika mustari wa makosa kumi, na mengi yanaonyesha fasi ambako hakuna kosa. Hopper alizoesha masini kupokea maneno yetu. Kujibu vizuri ni kazi ingine, na kazi hiyo si ya masini. Kila neno la kosa linaandikwa na muntu, siku moja, mbele ya kumaliza programu. Akiandika tu kwamba kuna kosa, anaacha muzigo kwa mwingine. Akiandika ni mustari gani, kitu gani kinakosa na cha kufanya, mwenzake anapona saa nyingi.

Hopper mwenyewe alijua kueleza. Alikuwa anagawa vipande vya waya ya telefone vya karibu sentimetre 30, juu ya wakubwa wa jeshi waone kwa macho umbali ambao umeme haupite mu sehemu moja ya bilioni ya segonde. Aliacha jeshi mu 1986, na miaka 79, cheo cha amirali. Alikufa tarehe 1 januari 1992.

Vijana wa Kolwezi na Likasi wanaojifunza leo kuandika programu wanaweza kuanzia hapo. Masini yao itasimama siku moja mbele ya muntu asiyewajua. Wamwandikie sababu.