Von Lettow, Salaita na Wapagazi Waliosahauliwa

Msafiri atokaye Voi kwenda Taveta, akishapita Mwatate, Bura na Maktau, hukiona kilima cha Salaita katikati ya nyika. Ni kilima kidogo, tena kisichotisha hata chembe. Hata hivyo, hapo ndipo jeshi la Waingereza lenye watu wapatao 6,000 liliporudishwa nyuma na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, tarehe 12 Februari 1916.

Aliyekiongoza kikosi hicho kilimani ni Meja Georg Kraut, lakini jina linalovuma hadi leo ni la mkuu wake, Paul von Lettow-Vorbeck. Nionavyo mimi, maisha ya jemadari huyu yanafaa kufundishwa katika shule zetu, ila si kwa namna ya kumsifu yeye peke yake.

Von Lettow alizaliwa mwaka 1870 mjini Saarlouis, katika ukoo wa wanajeshi. Alitumwa China mwaka 1900 kuzima uasi wa Boksa, kisha Afrika Kusini Magharibi, ambayo sasa ni Namibia. Huko aliumia jicho akiwa katika jeshi lililowaangamiza Waherero na Wanama, mauaji ambayo serikali ya Ujerumani yenyewe iliyakiri kuwa ya kimbari mwaka 2021. Alifika Dar es Salaam Januari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza kuzuka.

Alielewa mapema kwamba asingeweza kuwashinda Waingereza. Shabaha yake ilikuwa kuwashughulisha huku Afrika ili wanajeshi wao wengi wasipelekwe Ulaya. Agosti 1914 majeshi yake yaliuteka mji wa Taveta, na Salaita ikawa ngome yao ya mbele. Novemba mwaka huo aliwashinda Waingereza huko Tanga.

Pale Salaita, Waingereza walikipiga mizinga kilele cha kilima wakidhani adui yuko juu. Kumbe mahandaki yenyewe yalikuwa chini, yamefichwa vichakani. Askari wageni kutoka Afrika Kusini walipokaribia, walimiminiwa risasi, na zaidi ya 130 kati yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Waliowaokoa wasiangamie ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu ambao makaburu hao walikuwa wakiwadharau kwa sababu ya rangi yao.

Mwezi uliofuata Jenerali Jan Smuts aliikomboa Taveta. Von Lettow akarudi nyuma hatua kwa hatua, akavuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji mwaka 1917, kisha akaibukia Rhodesia Kaskazini. Alisalimu amri huko Abercorn, ambao sasa ni mji wa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kukoma Ulaya. Alikuwa amebaki na Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100, mbali na wapagazi na wanawake.

Kwao alipokewa kama shujaa. Mwaka 1920 alishiriki jaribio la kuipindua serikali, akafukuzwa jeshini. Wanawe wawili waliuawa katika Vita Vikuu vya Pili, naye akawa fukara, hata Smuts, hasimu wake wa zamani, akamsaidia. Alifariki Hamburg mwaka 1964.

Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha askari wake wa zamani walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Husimuliwa kwamba wazee waliojitokeza Mwanza bila vyeti walipewa ufagio mmoja mmoja, wakaamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa.

Kisa hiki hunigusa kila nikisomapo. Mzee aliyekuwa na njaa na ukongwe bado alikikumbuka kiapo cha ujana wake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: askari wale walikuwa hodari, na jemadari wao alikuwa fundi wa vita.

Lakini je, aliyebeba risasi, mahindi na wagonjwa alipewa ufagio gani? Malipo yale hayakuwa yake. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi zinaonyesha kuwa wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Wa upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa ipasavyo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Hapa hapa Taita, Wakasigau walishukiwa mwaka 1915 kuwa waliwasaidia Wajerumani. Waingereza waliwahamishia Malindi kwa nguvu, na wengi wakafia ugenini.

Wanajeshi wa Afrika Kusini wana makaburi yao Taveta, kila mmoja na jiwe lenye jina lake. Wapagazi wamebakiza majina ya mitaa, Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba majina hayo yanatokana na kikosi cha wachukuzi.

Wapo wanaosema kwamba vita vile vilikuwa vya mabeberu, hivyo havituhusu. Sikubaliani nao. Waliokufa walikuwa babu zetu, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Kwa hivyo nawasihi walimu: mkiwapeleka wanafunzi Salaita, wasimulieni habari za von Lettow bila kumpunguzia wala kumwongezea. Kisha waulizeni ni nani aliyebeba maji na mzinga hadi pale kilimani. Mwanafunzi akilijibu swali hilo, ataheshimu kujitolea kwa wanajeshi kwa undani zaidi, kwa kuwa atajua gharama yake yote na walioilipa.