Dkt. Hubert Trowell: Tabibu Aliyeona Ugonjwa wa Moyo Ukiingia Afrika Mashariki

Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, mlo uliozoeleka ni ugali wa muhogo au mahindi, maharage na mboga za majani. Faida ya mlo wa aina hiyo kwa moyo ilitetewa na tabibu Mwingereza aliyefanya kazi Afrika Mashariki kwa takriban miaka 30, Dkt. Hubert Carey Trowell.

Trowell alizaliwa mwaka 1904, akasomea udaktari London na mwaka 1929 akaajiriwa na serikali ya kikoloni nchini Kenya. Baadaye alihamia Uganda, ambako alitibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago na kufundisha udaktari Makerere. Alijulikana kwanza kwa utafiti wa kwashakoo, utapiamlo uliokuwa ukiua watoto wengi.

Wakati huo mshtuko wa moyo ulikuwa tishio kubwa Uingereza, lakini ulikuwa nadra mno miongoni mwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1956 yeye na mwenzake walichapisha taarifa ya Mwafrika aliyeugua mishipa inayolisha msuli wa moyo, ugonjwa ambao ulikuwa haujazoeleka katika ukanda huu. Mafuta yanapojikusanya katika kuta za mishipa hiyo, njia ya damu husinyaa. Ikiziba, sehemu ya moyo hufa.

Mwaka 1960 alitoa kitabu kuhusu magonjwa yasiyoambukiza barani Afrika. Aliporejea Uingereza alipata upadri wa Kanisa la Anglikana, kisha akaungana na Dkt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyewahi kufanya kazi Uganda. Walieleza kuwa nafaka zilizokobolewa, sukari na upungufu wa nyuzinyuzi huchochea maradhi mengi. Baadhi ya hoja zao zilipingwa, lakini umuhimu wa nyuzinyuzi umekubalika. Trowell alifariki dunia mwaka 1989.

Ugonjwa ambao kwake ulikuwa nadra sasa una hospitali yake maalumu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kibondo. Kwa mwananchi wa nyanda hizo, kinga iliyo karibu ni kupima shinikizo la damu mapema, kupunguza chumvi, kuepuka tumbaku na kutoyaacha maharage na mboga za shambani mwake.