Santorio, Tabibu Aliyeupima Usingizi kwa Mizani

Mtu akilala husemwa kuwa amepumzika, nasi hudhani kuwa mwili wake umesimama kabisa, kama mtambo wa kusindika mkonge uliozimwa jioni. Hapo kale alikuwako tabibu mmoja aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza jambo hili. Jina lake ni Santorio Santorio, na habari zake zatufaa sana sisi tunaolala bwenini.

Santorio alizaliwa tarehe 29 Machi, 1561, katika mji wa Capodistria, uliokuwa chini ya milki ya Venice. Siku hizi mji huo uko nchini Slovenia, nao huitwa Koper. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi alipelekwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Padua, Italia, akahitimu utabibu mwaka 1582. Baadaye alikaa Venice akitibu watu, akajuana na wataalamu wakubwa, mmoja wao akiwa Galileo, yule aliyezitazama sayari kwa darubini.

Zama zile matabibu wengi walifuata vitabu vya Wayunani wa kale, na homa ya mgonjwa waliikisia kwa mkono tu. Santorio hakuridhika na kukisia, alitaka hesabu. Alitengeneza chombo cha kupima mapigo ya moyo kwa kitu kizito kilichoning'inia kwenye uzi. Tena alitia alama za daraja katika kipimo cha joto, akakitumia kwa wagonjwa wake.

Lakini kilichompatia sifa zaidi ni kiti chake. Alikitundika kiti hicho kwenye mkono wa mizani kubwa iliyofungwa juu darini. Asiyeweza kukiwaza na aikumbuke mizani ya kliniki, ambayo mtoto mchanga huning'inizwa akilia huku mama yake akisubiri kusomewa kilo. Santorio alikula akiwa juu ya kiti hicho, na alipokwisha kula kiasi alichojipangia, kiti kilishuka kidogo kumjulisha kwamba yatosha. Alijipima kabla ya kula na baada ya kula, kabla ya kulala na baada ya kuamka. Alipima chakula na kinywaji, akapima na choo pia. Mwaka 1615 alimwandikia Galileo kwamba kazi hiyo ameifanya kwa muda wa miaka 25.

Aliyoyaona yalimshangaza. Mtu akila na kunywa ratili 8 kwa siku moja, ratili 5 hivi hupotea zisionekane kwa jicho wala hazitoki chooni. Na usiku ni vivyo hivyo: mtu hulala, na alfajiri huamka akiwa mwepesi kuliko alivyolala, ingawa hakuinuka kitandani. Mwaka 1611 Santorio alikuwa amefanywa profesa wa utabibu huko Padua, na mwaka 1614 alitoa kitabu cha kueleza mambo haya. Alisema kwamba mwili hutoa mvuke usioonekana, kupitia ngozini na mdomoni.

Hapo alipatia nusu. Nusu ya pili haikuweza kujulikana wakati wake, kwa sababu oksijeni ilikuwa haijagunduliwa. Ilipita zaidi ya miaka 150 ndipo Lavoisier wa Ufaransa alipoonyesha kwamba kupumua ni namna ya kuungua polepole, kama makaa jikoni. Basi sehemu ya uzito unaopotea usiku ni mvuke wa maji, na sehemu nyingine ni hewa ya ukaa, ambayo ni kama moshi wa chakula kilichoungua mwilini tukiwa tumelala. Mtu wa kilo 60 akilala saa 8 hutumia kilokalori 400 hadi 500. Moyo hupiga, mapafu huvuta hewa, joto la mwili hutunzwa. Ubongo peke yake hutumia kama sehemu moja ya tano ya nguvu za mwili uliotulia, na wakati wa ndoto hufanya kazi karibu sawa na mchana.

Santorio aliacha ualimu mwaka 1624, akarudi Venice, akaendelea kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1636, akiwa na umri wa miaka 74.

Nimeandika habari hizi kwa sababu yalinipata. Muhula uliopita mimi na wenzangu wawili tulikuwa tukiamka saa nane za usiku kusoma kwa tochi, tukidhani kwamba saa za usingizi ni saa za bure. Siku ya jaribio la Hesabu nilisinzia juu ya karatasi, nikaacha maswali mawili niliyoyajua vizuri. Sasa nafahamu kwamba usiku mwili una kazi yake, na mojawapo ni kuyaimarisha kichwani yale tuliyojifunza mchana. Chakula cha jioni ndicho ujira wa kazi hiyo. Basi, ndugu zangu wa Kidato cha Nne, mtihani umekaribia. Tusome kwa bidii mchana na jioni, na taa zikizimwa, tuuache mwili umalize kazi yake.