Mary Ainsworth, mtafiti aliyejifunza ulezi kwa kina mama wa Buganda

Mama anayetoka Palma au Mocímboa da Praia na kuvuka Ruvuma kwenda kufuata bidhaa Mtwara hubeba swali ambalo haliulizwi forodhani: mtoto aliyeachwa kwa bibi yake anaendeleaje, na je, safari hizi zitamdhuru? Miongoni mwa wa kwanza kulitafutia jibu kwa kuketi na watoto majumbani mwao ni Mary Ainsworth, na kazi hiyo aliianzia Uganda.

Alizaliwa Mary Salter mwaka 1913 huko Glendale, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Toronto, Kanada. Aliingia chuo kikuu akiwa na miaka 16, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamivu katika saikolojia. Mwalimu wake, William Blatz, alifundisha kwamba mtoto hathubutu kujaribu jambo jipya kabla hajahisi kuwa mikononi mwa wazazi yuko salama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na jeshi la wanawake la Kanada, akafikia cheo cha meja.

Mwaka 1950 aliolewa na Leonard Ainsworth, wakahamia London. Huko alifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Mwaka 1951 Bowlby aliliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa kuhusu watoto waliopoteza makwao kwa sababu ya vita. Pwani ya Cabo Delgado, ambako tangu 2017 familia nyingi zimekimbia na nyingine kupotezana njiani, taarifa ya aina hiyo haihitaji maelezo marefu.

Kisha mume akapata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki, Kampala. Mary alimfuata kama mke wa mtu, akajitafutia kazi mwenyewe. Alipata familia 26 katika vijiji vya Buganda, zenye watoto 28 waliokuwa bado wananyonya au ndio wanaachishwa. Kila baada ya wiki mbili alizitembelea pamoja na mkalimani, akakaa sebuleni kama saa mbili alasiri, wakati ambao kina mama wa Kiganda hupokea wageni. Aliendelea hivyo kwa miezi hadi tisa.

Alikuwa amekusudia kuchunguza desturi ya kumpeleka mtoto kwa jamaa ili aachishwe ziwa. Akakuta desturi yenyewe imeanza kufifia. Mpango ukavunjika, na labda hilo ndilo lililomfaa zaidi, kwa sababu ilibidi aangalie tu kilichokuwa mbele yake.

Alichokiona kila mzazi amewahi kukiona. Mtoto anatambaa kwenda kushika kikapu, anageuka kumtazama mama, anaendelea, mgeni anakohoa, anarudi mbio magotini. Ainsworth alielewa kwamba mama ni bandari: mtoto huondoka kwake kwenda kuchunguza dunia, na hurudi akiogopa. Uhusiano huo tunaweza kuuita fungamano. Kujifunza hutokea katika ule utokaji, kwa maana akili ya mtoto mchanga hukua kwa kushika, kuonja, kuangusha na kujaribu tena. Asiye na bandari hatoki.

Kati ya watoto wale 28, 16 walikuwa na fungamano lililotulia. Saba walilia mara kwa mara, hata wakiwa wamebebwa na mama, na walichunguza kidogo. Watano walikuwa bado hawajaonyesha kumtofautisha mama na wengine. Muda ambao mama alimtunza mtoto mwenyewe ulikuwa na uzito. Uzito mwingine ulikuwa katika kumjua: mama aliyeweza kueleza bila kuulizwa mtoto wake analala vipi, analilia nini na hupenda nini, kwa kawaida ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia. Kusaidiwa na walezi wengine, kwenyewe, hakukuleta tofauti.

Aliondoka Uganda mwaka 1955 kwenda Baltimore, Marekani. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimlipa pungufu ya kiwango chake, na wanawake waliofanya kazi pale walikula chumba tofauti na wanaume. Mwaka 1963 alianza kufuatilia familia nyingine 26. Watoto wa Baltimore walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka vyumbani, hawakushtuka kama wale wa Buganda. Ndipo akabuni jaribio la Hali Ngeni, la dakika kama 20: chumba kigeni, mtu asiyejulikana, mama anatoka, mama anarudi. Kinachotazamwa zaidi ni jinsi mtoto anavyompokea mama anaporudi.

Jaribio hilo lilienea duniani na kuzua ubishi, maana chumba cha Wamarekani si kipimo cha kila boma. Miaka ya 1980 watafiti walilipeleka kwa Wakisii wa Kenya, ambako mtoto hulelewa pia na dada au ndugu mkubwa, na ambako hupokewa kwa kushikwa mkono badala ya kukumbatiwa. Fungamano zuri na mama lilikwenda pamoja na lishe bora. Lakini vipimo vya ukuaji wa akili vilikwenda pamoja na fungamano la mtoto na yule mlezi mwingine. Kwa mama aliye safarini, basi, kumchagua atakayebaki na mtoto ni jambo zito kuliko inavyodhaniwa.

Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967, miaka kumi na miwili baada ya kuondoka Kampala. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na hakupata mtoto wake mwenyewe. Alimalizia kazi Chuo Kikuu cha Virginia, akastaafu mwaka 1984, na akafariki dunia Charlottesville tarehe 21 Machi 1999, akiwa na miaka 85.