Whipple na Kisu cha Kongosho

Huenda msomaji wa Bomet aliyewahi kuuguza jamaa yake Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937 na ambayo leo hufunza madaktari wa upasuaji, amelisikia jina la Whipple likitajwa pamoja na saratani ya kongosho. Si jina la dawa wala la chombo. Ni jina la mtu, na maisha yake yafaa kusimuliwa huko kwenye mashamba ya chai, ambako ng'ombe huweza kuuzwa ili mgonjwa apasuliwe kabla jamaa hawajauliza kama kisu kitamfaa.

Allen Oldfather Whipple alizaliwa Septemba 1881 mjini Urmia, Uajemi, wazazi wake wakiwa wamisheni wa Kimarekani. Alihitimu udaktari New York mwaka 1908, na kufikia 1921 alikuwa profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Columbia.

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, nalo hutoa maji yanayosaga chakula. Uvimbe ukimea kichwani mwake huziba njia ya nyongo. Mgonjwa akageuka manjano macho na ngozi, akawashwa, akakonda. Mjerumani Walther Kausch alikwisha kuuondoa uvimbe wa mahali hapo mwaka 1909, lakini wachache walimfuata.

Mwaka 1935 Whipple na wenzake walitangaza njia yao. Mgonjwa wao wa kwanza alifariki mara baada ya kupasuliwa, kwa kuwa nyuzi zilizotengenezwa kwa utumbo wa mnyama ziliyeyushwa na maji ya kongosho. Whipple akashika hariri. Upasuaji wenyewe ulikuwa wa awamu mbili. Kwanza nyongo ilifunguliwa njia nyingine ili umanjano upungue, maana mgonjwa wa manjano alivuja damu bila kukoma. Baada ya majuma kadhaa ndipo uvimbe ulipokatwa. Vitamini K ilipojulikana, kazi yote ikafanywa kwa siku moja, kuanzia 1940.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Ile awamu ya kwanza, ya kumpa mgonjwa nafuu, ndiyo inayomfaa yule ambaye saratani imekwisha kufika kwenye ini. Kumkata huyo hakumrefushii maisha. Humlaza kitandani siku alizobakiwa nazo. Siku hizi mara nyingi hata kupasua hakuhitajiki: mrija mdogo hupitishwa kooni kwa kamera mpaka njia ya nyongo, na maumivu hutulizwa kwa mofini. Na wagonjwa walio wengi hugunduliwa wamechelewa. Wanaofaa kukatwa hawazidi 20 katika kila 100. Kwa hao, kisu cha Whipple ndiyo tamaa pekee ya kupona, na kuwanyima ni dhuluma.

Yeye mwenyewe hakuwa na pupa. Katika maisha yake yote aliufanya upasuaji huo mara 37 tu, na takriban theluthi moja ya wagonjwa hao walifariki. Leo, katika hospitali zilizouzoea, hawafiki 5 katika 100.

Alistaafu chuoni mwaka 1946. Uzeeni aliirudia Mashariki ya utoto wake, akatafiti jinsi Wanestoria na Waislamu walivyoihifadhi elimu ya tiba na kuiendeleza. Alifariki Aprili 1963, na kitabu chake juu ya matabibu hao kikatoka mwaka 1967.