Wasifu wa Martinus Beijerinck (1851–1931)

Martinus Willem Beijerinck alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku. Biashara ilifilisika Martinus akiwa bado mdogo, na mzee akaishia kuwa karani wa reli. Likumbuke zao hilo, maana utakutana nalo tena.

Alisoma kemia Delft, kisha akapata shahada ya uzamivu Leiden mwaka 1877. Alipokuwa akifundisha katika shule ya kilimo ya Wageningen alifahamiana na Adolf Mayer, aliyekuwa akichunguza ugonjwa wa tumbaku. Majani ya tumbaku yalipata mabaka ya kijani na njano, na mmea ukadumaa. Ukiwahi kuona muhogo wenye batobato, una picha yake, ingawa kirusi chake ni kingine. Mayer alithibitisha kwamba utomvu wa jani lenye ugonjwa huambukiza mmea wenye afya, lakini chanzo hakukipata.

Mwaka 1885 Beijerinck aliacha ualimu akaajiriwa na kiwanda cha hamira na pombe huko Delft. Humo, mwaka 1888, alitenga bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde. Hao unawajua kutoka mada ya mzunguko wa naitrojeni. Mwaka 1895 akawa profesa Delft, akairudia tumbaku.

Alipitisha utomvu wa majani yenye ugonjwa kwenye chujio la kaure ambalo bakteria hawawezi kupenya. Utomvu uliochujwa bado uliambukiza. Je, haikuwa sumu tu? Jiulize ungejuaje. Yeye alichukua tone, akaambukiza mmea. Akachukua utomvu wa mmea huo, akaambukiza wa pili, kisha wa tatu. Sumu ingezidi kuwa hafifu kila mara. Hii haikupungua nguvu, kwa hiyo ilikuwa inaongezeka. Ila haikuongezeka ndani ya utomvu peke yake: ilihitaji seli hai zinazokua. Mwaka 1898 alitangaza kwamba chanzo si bakteria bali kioevu hai kinachoambukiza, akakiita virusi.

Hapa ndipo watahiniwa huteleza. Dmitri Ivanovsky wa Urusi alifanya jaribio la chujio mwaka 1892, na Beijerinck alipoelezwa alikiri kwamba Ivanovsky alitangulia. Tofauti ni kwamba Ivanovsky aliendelea kushuku bakteria. Wala usiandike kuwa Beijerinck alikiona kirusi. Hakukiona, na kuhusu kioevu alikosea: virusi ni chembe. Picha zake zilipatikana mwaka 1939 kwa hadubini ya elektroni.

Hakuwa mtu rahisi. Hakuoa, akiamini ndoa na sayansi haviendi pamoja, na wanafunzi waliuogopa ukali wake. Alistaafu mwaka 1921, akahamia kijiji cha Gorssel, akafariki huko tarehe 1 Januari 1931.

Wazo lake kwamba kirusi huishi kwa kutumia seli ya mmea ndilo lililowafungulia njia wahandisi wa vinasaba. Mwaka 1986, huko Marekani, kundi la Roger Beachy lilichukua jeni moja ya kirusi kilekile cha tumbaku, inayotengeneza protini ya ganda lake, likaiingiza katika vinasaba vya mmea wa tumbaku. Jeni moja haiwezi kuleta ugonjwa. Mmea ukawa unatengeneza protini hiyo wenyewe. Kirusi kikiingia kwenye seli hulazimika kwanza kuvua ganda lake; protini iliyojaa humo hukizuia kulivua. Mimea mingine ilichelewa kuugua, mingine haikuugua kabisa.

Kutoka hapo mbinu ilifika kwenye mipapai ya Hawaii, iliyokuwa ikiangamizwa na kirusi cha madoa ya pete. Mwaka 1998 wakulima wa huko waligawiwa mbegu za mipapai iliyopewa jeni ya ganda la kirusi hicho, wakapanda upya katika mashamba waliyokuwa wameyakatia tamaa.